Filimbi Zenye Maestro Hakuzisikia

Ukichelewa kwenye mazoezi ya kwaya, Maestro hakukugombeza. Alisimamisha watu wote, akakutazama unapita katikati ya mabenchi mpaka ukafika mahali pako, kisha akasema pole pole, "Sasa tunaweza kuanza. Mwenye kwaya amefika." Mimi alinifanyia hivyo mara moja tu. Sikuchelewa tena, hata ile masika njia yetu ya Kadutu ilibomoka na mvua, na tulikuwa tunapanda kwa mikono na magoti.

Jina lake ninalijua. Shule ilinipita, lakini majina hayanipiti; mutu akinipa jina lake leo, mwaka kesho nitamurudishia. Ila yeye, kwa padri, kwa wauza makala, kwa watoto wa parcelle yetu, kiwanja kimoja, alikuwa Maestro tu, na ukimuita jina la ubatizo njiani hakugeuka. Sasa binti yake amemuchukua kule Uvira. Haya ninayoweka hapa ni ya wakati alikuwa bado jirani yetu, nyumba yake chini, yangu juu, karibu sana, mpaka nilijua akikohoa.

Alikuwaka na koti moja ya kahawia, anaipiga pasi ya makala yeye mwenyewe, na wakati wa matope alifunga viatu vyake ndani ya mifuko ya plastiki mpaka mulango wa kanisa. Pale alifungua mifuko, akaikunja, akaiweka mufukoni, na akaingia kama mutu aliyeshuka kwenye gari. Kusifu kulimushinda. Neno lake kubwa lilikuwa "Si mubaya." Immaculée, présidente wa kwaya yetu, alisemaka kwamba alingoja "si mubaya" yake tangu komunyo ya kwanza, na sasa yeye mwenyewe ni koko, ana wajukuu.

Kukuaibisha mbele ya watu, hiyo alijua. Halafu kesho yake unamuona anapanda kwako na avoka ndani ya kofia, anakaa, anaongea juu ya mvua, juu ya bei ya sukari, juu ya kila kitu isipokuwa ile ya jana. Ukimuambia, "Maestro, jana uliniumiza," alijibu, "Hizi avoka ziko tayari, usiziache mpaka kesho." Njo msamaha wake ulikuwa hivyo. Ulimenywa na kuliwa.

Masikio yake yalimutesa tangu zamani, lakini kwa upande mwingine: yalisikia mno. Hakuweza kula mahali radio inalia. Mwimbaji akishuka kidogo chini ya noti, Maestro aliweka kijiko, akafunga macho kama mutu wa jino bovu. Kwenye arusi ya mutoto wangu Nsimire aliondoka kabla ya keki kwa sababu ya trompeti. Na vyombo vya umeme ndani ya misa alivikataza miaka na miaka. Vijana waliomba sinteza. Aliwaambia ile ni muziki ya watu wanaoogopa kupumua. "Pumua kwanza," alituambiaka kila mara, "Mungu hana haraka."

Basi mujue vile tulishangaa tulipomuona, yeye huyo, anatunga muziki ndani ya telefone.

Telefone ilitoka kwa binti yake, ikaletwa na musafiri. Mwanzoni aliitumia kama tochi ya kwendea choo. Halafu frère mumoja wa seminari akamuonyesha kitu ndani yake: unaandika noti kwa kidole, na telefone inakupigia kile uliandika, si kwa sauti moja, ila kwa orkestra nzima. Violoni, klarineti, tarumbeta, ngoma kubwa, vyote ndani ya kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Maestro hakuwahi kukaa mbele ya orkestra maisha yake yote. Bukavu hapa tutaitoa wapi? Alizijua kwa sahani za muziki za zamani za mapadri, wakati alikuwa mwalimu kule Katana. Aliniambia siku moja, bila mimi kuuliza, "Tangu Katana kuna kitu kinalia ndani ya kichwa changu, Mama Nsimire. Nilidhani nitakufa nacho."

Kazi yake ilikuwa kama kuchagua maharagi. Miwani imefungwa na uzi, telefone kwenye magoti, kidole kimoja kinatoa hapa, kinaweka pale, kinatoa tena. Mwisho wa mchana alikuwa ametengeneza kipande cha kusikiliza wakati unafunga kiatu.

Na ile woga. Courant ya Kadutu inakuja kama mugeni bila kubisha, na inaondoka bila kuaga. Betri ikianza kushuka, Maestro alitelemuka kwa miguu mpaka Nguba, kwa Faustin, mwenye alikuwaka ténor wetu na sasa analinda mulango wa villa moja karibu na ziwa. Kule umeme unakaa. Telefone ilikuwa ndani ya plastiki, plastiki ndani ya soksi, soksi kwa kamba shingoni chini ya shati, na yeye anatembea mukono kwenye kifua. Watu wakamupisha njia, wakasema muzee wa watu iko na ugonjwa wa moyo. Mimi nilikuwa juu pale ninahesabu magari ya njia kwa macho, mpaka nione ile koti inarudi. Siku zile watu walifunga milango mapema. Kupokonywa telefone haikuwa habari hata ya kuongea. Na ule muziki haukuwa mahali pengine. Hakuuandika kwenye karatasi. Alisema karatasi haimulilii.

Sasa niseme ule muziki ulikuwa wa nini, kwa sababu bila hiyo hamutaona juu ya nini niliogopa.

Kila Novemba, kwaya yetu inafanya misa ya wanakwaya wetu waliokufa. Tunasoma majina, tunaimba. Maestro alisema majina hayatoshi. Jina mutu alipewa; sauti ilikuwa yake. Alitaka kila mumoja awe na chombo chake ndani ya orkestra, chenye kuingia vile yeye aliingiaka, chenye kuchoka vile yeye alichokaka. Ile misa ya Novemba, mbele ya familia zote, ingepigwa kwenye baffles, zile spika kubwa za kanisa.

Hapo ndipo alianza kuja kwangu. Yeye alikumbuka sauti, majina yalikuwa yameanza kumuacha. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, mimi ninaosha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akauliza: yule wa alto, mwenye aliingiaka nyuma kidogo, kama mutu anafunga mulango ili asiamushe mutoto, alikuwa nani? Nikamuambia, ni Cibalonza, aliyeuzaka mafuta ya mawese. Akarudi kwake, Cibalonza akawa klarineti. Papa Balagizi, mwenye basse yake ilitembea na kikohozi, akawa basson, na Maestro alimuacha na kikohozi chake, noti moja fupi mahali haitakiwi. Nilicheka mpaka machozi nilipoisikia.

Yule frère wa seminari alikuja kuangalia, akamuonyesha kosa. Maestro alikuwa amewapa violoni mahali pa kupumua, mwisho wa kila sentensi, kama sisi. Frère akasema kwa heshima kwamba violoni haipumui, inaweza kuvuta tu bila kusimama. Maestro akamuuliza, "Na mwenye kuipiga ni mutu ao ni sahani?" Akaziacha na pumzi zao. Mimi sijui violoni, lakini ukisikiliza, unasikia ni kama kanisa lote linavuta hewa. Inakushika hapa.

Filimbi ya kwanza ilikuwa Nabintu.

Nabintu alikuwa marehemu bibi yake wa ndoa. Soprano. Hakuja kuniuliza jina lile. Aliniambia tu siku moja, anatazama sambaza, "Filimbi ni yeye," na nikaitika.

Sasa masikio. Hatukujua siku yalianza kumuacha, na nadhani yeye pia hakujua. Alianza kuwagombeza masoprano: mumelala, mumekula nini, fungueni kinywa. Watoto wa watu waliimba mpaka wakakauka koo, na yeye bado anavuta mikono juu, juu. Halafu niliona birika inalia kwake na yeye amekaa kando yake hasikii. Nikamuambia aende kwa daktari kule Ibanda. Alikwenda, akarudi na dawa ya matone, akasema daktari ni mutu muzuri sana. Ndiyo habari yote alinipa. Binti yake njo aliniambia kwa telefone, analia: sauti za juu zimekwisha kwenda, na zingine zitafuata, na hakuna mwenye kujua zitafuata lini. Kwa hiyo alikuwa anakimbizana. Anatunga na huku nyumba inafungwa, chumba kwa chumba.

Wiki chache kabla ya misa alituita kwenye salle ya parokia atuonjeshe. Ombeni, fundi wa sono, ile mitambo ya sauti ya parokia, akaunga telefone kwenye baffles. Tukakaa. Ilianza chini kabisa, kama camion ya mizigo inapanda kutoka mbali. Cibalonza akaingia, nyuma kidogo, na binti ya marehemu aliyekaa mbele yangu akashika kitambaa. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, nilisahau kama ni telefone. Halafu filimbi zikaingia.

Ni kama mutu anakata bati kwa msumeno. Mujukuu wa Immaculée akaanza kulia. Faustin akainamisha kichwa kama anatafuta kitu chini. Meno yangu, yale yamebaki, yaliuma. Na Maestro alisimama kando ya baffle, macho yamefungwa, anatabasamu, kwa sababu hapo ndipo yeye alianza kusikia kidogo. Kila siku filimbi ilimupotea, na kila siku aliipandisha.

Ilipokwisha tulipiga makofi. Nani angeanza kutopiga? Maestro akafungua macho, na akatufanyia kitu hakuwahi kutufanyia. Alituuliza. "Si mubaya?"

Tukajibu pamoja, vizuri, kama alivyotufundisha. "Si mubaya, Maestro."

Kesho yake kwaya ilikutana bila yeye. Immaculée alisema familia zote zitakuja, watu wa Bagira, watu wa Panzi, hata baba Askofu huenda atatuma mutu, na tutamuona Maestro anaaibika na yeye mwenyewe hatajua juu ya nini watu wanatoka nje. Mumoja akasema Ombeni ashushe filimbi kwenye meza yake ya sono, kimya kimya. Muzee atasimama pale mbele na furaha yake na kila mutu atalala vizuri. Wengi walikubali. Mimi pia nilikuwa karibu. Lakini Ombeni akatikisa kichwa. Alisema Maestro akishafunga sauti zote pamoja na kumupa, filimbi haitoki tena peke yake. Anaweza kukata sauti zote za juu, ndiyo, lakini itakuwa kama watu wanaimba ndani ya blanketi. Wote wataumia, si filimbi peke yake. Ni Maestro mwenyewe anaweza kuishusha, ndani ya telefone, kabla hajaifunga.

"Basi mutu amuambie," Immaculée akasema.

Wakaanza kunitazama, mumoja mumoja, na nikajua mbele hata hawajafungua kinywa. Mimi ni mukubwa wao, mimi ni jirani, na mimi Nabintu alikuwaka rafiki yangu. Kama ingekuwa filimbi ya mutu mwingine, ningekwenda siku ile ile. Lakini utamuambia mwanaume namna gani kwamba sauti ya bibi yake inaumiza watu? Nilisema nitakwenda, na sikwenda. Nilipika, nilifua vitu visivyokuwa na uchafu. Kila nikiona koti ile inatelemuka kwenda Nguba, mukono kwenye kifua, nilirudi kwenye beseni. Wakati mwingine nilitamani, Mungu anisamehe, wezi wachukue ile telefone na mambo yaishe.

Nilikwenda asubuhi moja baada ya mvua, watoto wako shuleni, courant iko. Maestro aliniambia nimekuja saa nzuri: Ombeni atakuja kesho kuichukua, kila kitu kimekwisha, imebaki kufunga. Alisema kwa nguvu sana, kwa sababu hakusikia tena sauti yake mwenyewe. Na hapo niliona shida yenye sikuwa nimefikiria. Ukweli wa namna ile mutu anausema kwa sauti ndogo, mukono juu ya mukono. Sauti ndogo haikumufikia tena. Na upande wa pili wa ukuta wa mbao, jirani Mama Bahati alikuwa anafua nguo. Ningepiga kelele, Mama Bahati angesikia kabla yake, na Kadutu nzima kabla ya saa sita.

Akanipa vidude vya masikio. "Sikiliza mpaka mwisho," alisema. Yeye akashika telefone, akaangalia ile alama inatembea juu ya noti, na akaniangalia mimi usoni. Alijua kusoma uso. Miaka yote ile alituongoza kwa uso.

Camion ikapanda. Cibalonza akafunga mulango wake. Balagizi akakohoa. Violoni zikavuta hewa. Halafu filimbi, na mimi, bila kupanga, niliinua mukono, nikafungua kiganja, nikakishusha chini. Kila mwanakwaya wa Maestro anajua hiyo hata akiwa usingizini: shusha.

Alisimamisha telefone.

"Unanishusha mimi?"

Kule nje maji ya kufulia yalinyamaza. Nikatoa vidude, nikasogea karibu sana, nikasema pole pole ili aone midomo. "Filimbi, Maestro."

"Filimbi iko namna gani?"

"Inapita wote."

Akasema mimi nimezeeka, masikio ya wazee hayawezi sauti za juu. Akasema vidude vile ni vya bei ndogo. Akatazama telefone.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya salle."

"Mulipiga makofi."

"Tulipiga."

"Mimi niliwaambiaka makosa yenu yote," alisema. "Yote. Juu ya nini hamukuniambia?"

"Njo maana."

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Akasema anaweza kufuta kila kitu sasa hivi, kwa kidole hicho kimoja, na hakuna mutu atasumbuliwa tena. Sikuthubutu kukigusa kile kidole. Halafu akasema, na mara hii kwa sauti ndogo, sijui aliipata wapi, "Nikimupunguza, anatoka."

Hakusema filimbi.

"Anatoka kwako, Maestro," nikamuambia. "Kwetu iko. Iko sana. Na Nabintu hakupigaka kelele hata siku moja, wewe unajua. Aliingiaka, na watu wakageuka kuuliza ni nani."

Aliangalia midomo yangu hata kisha nimenyamaza, kama kuna kitu kimebaki pale. Kisha akavuta kiti, magoti yetu yakagusana, akanirudishia vidude.

"Usinisemeshe," alisema. "Mukono tu."

Tulifanya hivyo asubuhi yote. Alipiga kipande kidogo, nilishusha kiganja, alishusha filimbi. Alipiga tena, nilishusha tena. Mahali pamoja aliishusha mno na nikapandisha, na niliona uso wake unashukuru. Hakunitazama tena kama rafiki ya bibi yake. Alinitazama kama mutu anatazama njia usiku. Kila tulipomaliza kipande, alijua kwamba hicho hatakisikia tena vile tumekifanya. Aliendelea. Courant ilikatika katikati, betri ikawa ndogo, na tukaendelea, mimi ninasali ndani kwa ndani na yeye bila kuangalia betri hata kidogo.

Mwishoni akasema, "Sasa yote. Tangu mwanzo. Ukishusha mukono, nitajua imekwisha."

Nikainua mukono. Akaanzisha.

Sitaeleza vile ilikuwa. Walikuwako wote. Karibu na mwisho vyombo vingine viliacha, mumoja mumoja, bila haraka, mpaka ikabaki filimbi peke yake, ndogo, mahali pake. Maestro alikuwa anafuata ile alama kwenye kioo. Niliiona pia: ilipita noti ya mwisho, ikafika pembeni, ikasimama. Akainua macho.

Mukono wangu ulikuwa bado juu. Ndani ya masikio yangu ilikuwa bado inakwenda, kama sauti inavyobaki ndani ya kanisa kisha mutu amefunga kinywa.

Aliweka telefone chini, akatazama mukono wangu, akangoja.